Mchungaji wa kweli tutamjuaje? Kazi ya uchungaji, mahubiri na usalama wa waumini

Kila Jumapili, katika vijiji vya Afrika Mashariki, watu hukaa kwenye mabenchi, kwenye mikeka au chini ya mwembe wakimsikiliza mtu mmoja akieleza Neno la Mungu. Siku hizi mahubiri hayaishii hapo. Yanatufuata shambani kwa redio, yanatufikia usiku kwa WhatsApp na video fupi. Mara nyingi anayehubiri ni mtu ambaye hatujawahi kumwona, wala hatujui anaishi wapi na nani.

Katika makala hii tunaeleza mchungaji ni nani, anafunzwa vipi, mahubiri ni kitu gani, na muumini wa kawaida anawezaje kupima anachoambiwa. Tunaandika kwa sababu kukosea katika jambo hili kumegharimu maisha ya watu wengi, watoto wakiwemo. Hatuandiki ili kulisifu dhehebu moja na kulikandia jingine. Mifano tunayoitoa inagusa makanisa makubwa na madogo, ya zamani na mapya.

Neno lenyewe lina maana gani?

Anayeishi na mifugo hahitaji kuelezwa sana maana ya mchungaji. Kuchunga ni kutoka mapema, kujua malisho na maji yaliko, kuhesabu kundi jioni, na kumrudia aliyebaki nyuma. Mchungaji akisinzia, anayefaidi ni fisi.

Biblia inatumia picha hiyohiyo. Katika Ezekieli sura ya 34, nabii anawakaripia viongozi wa Israeli kwa kujinenepesha wenyewe huku wagonjwa hawatibiwi na waliopotea hawatafutwi. Katika Yohana sura ya 10, Yesu anatofautisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara, ambaye akimwona mbwa mwitu hukimbia. Na katika Waraka wa Kwanza wa Petro sura ya 5, wazee wa kanisa wanaagizwa walitunze kundi bila kutafuta fedha ya aibu na bila kujifanya mabwana. Sura hizo tatu ni fupi, na mtu anaweza kuzisoma kwa jioni moja. Akizimaliza, atakuwa na kipimo chake mwenyewe.

Majina ya kazi hutofautiana. Wakatoliki wana padri, Waanglikana wana kasisi, na Walutheri, Wapresbiteri, Wamoraviani na Wapentekoste wengi husema mchungaji. Juu yao, katika makanisa mengi, kuna askofu. Chini yao kuna watu ambao vijijini ndio hubeba mzigo mkubwa: katekista, mwinjilisti, shemasi na mzee wa kanisa. Padri mmoja anaweza kuwa na vigango vingi, akafika kila kimoja mara moja kwa mwezi au chini ya hapo. Jumapili nyingine zote, ibada huongozwa na katekista ambaye Jumatatu yuko shambani kama jirani zake.

Katika makanisa mapya tunasikia pia vyeo vya mtume na nabii. Cheo peke yake hakithibitishi wala hakikanushi kitu. Tunachopaswa kuuliza ni kazi gani inafanywa chini ya cheo hicho.

Mtu anakuwaje mchungaji?

Katika makanisa ya zamani, njia ni ndefu. Padri wa Kikatoliki husoma falsafa, kisha teolojia, katika seminari kuu kama Kipalapala iliyoko Tabora au Segerea ya Dar es Salaam. Kwa kawaida masomo hayo huchukua miaka saba au zaidi. Wachungaji wengi wa Kilutheri nchini Tanzania wamepitia Makumira, karibu na Arusha. Nchini Kenya, chuo cha St Paul's cha Limuru, kilichoanzia Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, kimefunza Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti. Makanisa mengi ya Kipentekoste yana vyuo vyao vya Biblia, vingine vya miezi michache na vingine vya miaka.

Wapo pia wasiopita chuo chochote. Mtu husema ameitwa na Mungu, hukodi chumba au husimamisha turubai, na huduma huanza. Wengine kati yao ni watu waaminifu sana. Mitume wa Yesu wenyewe walikuwa wavuvi. Kwa upande mwingine, wapo wenye vyeti vya juu waliolipotosha kundi. Kwa hiyo cheti si dhamana kamili.

Hata hivyo, mafunzo na utaratibu wa kanisa humpa mchungaji kitu kimoja muhimu: watu wa kumsahihisha. Kasisi akifundisha jambo la ajabu, mwumini anaweza kwenda kwa askofu. Mwinjilisti akila fedha za harambee, baraza la wazee linaweza kumwita. Kwa hiyo, kabla hujamuuliza mhubiri amesoma wapi, uliza hili: akikosea, ni nani mwenye uwezo wa kumsimamisha? Jibu likiwa kwamba hakuna, isipokuwa Mungu peke yake, hapo ni pa kuwa na tahadhari.

Mahubiri ni kitu gani?

Kuhubiri ni kuchukua maneno yaliyoandikwa zamani, kwa watu wa mahali pengine, na kuwaeleza watu wa leo yanawataka waishije. Kazi hii ina hatua. Mhubiri husoma kifungu chote, si mstari mmoja. Huuliza kiliandikwa kwa nani na kwa sababu gani. Hulinganisha na sehemu nyingine za Biblia. Kisha hutafuta namna ya kukieleza kwa mfano ambao mkulima, mvuvi au mama muuza samaki ataushika.

Hatari huanza pale mstari mmoja unapong'olewa mahali pake kama mche unaong'olewa bila udongo. Injili ya Luka, sura ya 4, inaeleza kwamba hata shetani alitumia maneno ya Maandiko alipomjaribu Yesu. Kwa hiyo mhubiri kuwa na mistari mingi kichwani hakutoshi. Lazima tuone ameitumia vipi.

Tuchukue mfano wa kufunga, maana ndio umeleta msiba mkubwa kuliko mingine. Kufunga kumo katika Biblia. Esta na watu wake walifunga siku tatu. Danieli, katika sura ya 10, aliacha chakula kitamu, nyama na divai kwa majuma matatu. Sura hiyo haisemi kwamba aliacha kula kabisa. Isaya sura ya 58 inakwenda mbali zaidi: inasema mfungo anaoutaka Mungu ni pamoja na kuwagawia wenye njaa chakula. Katika mifano hii, anayefunga ni mtu mwenye akili timamu anayejua anachofanya, kuna siku ya kumaliza, na mtu anaendelea kuishi.

Taratibu za makanisa hufuata maana hiyo. Kwa mfano, sheria ya Kanisa Katoliki inawataka watu wa umri wa miaka 18 hadi 59 kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na hata siku hizo mlo mmoja kamili unaruhusiwa, pamoja na vyakula vidogo. Wagonjwa hawabanwi na sheria hiyo. Mhubiri anayemwambia mama anayenyonyesha, mtoto au mgonjwa wa kisukari aache kula ili apate kibali cha Mungu anafundisha jambo ambalo hata makanisa yenye kufunga sana hayafundishi.

Kanungu na Shakahola: yaliyotokea

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kanisa liliteketea kwa moto huku waumini wakiwa ndani. Mamia walikufa. Baadaye miili mingine mingi ilifukuliwa katika nyumba zilizokuwa mali ya kundi hilo. Lilijiita kundi la kurudisha Amri Kumi za Mungu. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na Dominic Kataribabo, aliyewahi kuwa padri. Waumini waliuza mali zao na kukabidhi fedha kwa viongozi. Waliwekewa masharti ya kutosema, wakawa wanawasiliana kwa ishara. Walikuwa wameambiwa kwamba dunia ingekwisha mwisho wa mwaka 1999. Mwaka ukapita, dunia ikabaki.

Miaka 23 baadaye, mwezi Aprili 2023, polisi wa Kenya waliingia katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, si mbali na Malindi. Walikuta watu waliodhoofika kwa njaa, na makaburi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watoto. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Mhubiri Paul Mackenzie, mwanzilishi wa kanisa la Good News International, alikamatwa pamoja na wengine. Waendesha mashtaka wanadai waumini walifundishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Mackenzie amekana mashtaka mahakamani. Mwaka 2025, katika eneo la Kwa Binzaro, katika kaunti hiyohiyo ya Kilifi, miili mingine zaidi ya 30 ilifukuliwa.

Tukiyatazama matukio haya pamoja, tunaona hayakuanza siku moja. Kwanza watu waliambiwa kwamba makanisa mengine yote yamepotea. Kisha wakatengwa na ndugu na majirani. Huko Shakahola, shule ikaitwa ya dunia, hospitali ikaitwa ukosefu wa imani. Mali ikauzwa. Wakahamia mahali ambapo hakuna jirani wa kuona. Mwisho, neno la kiongozi likawa ndilo neno la Mungu, na aliyeuliza swali akaonekana msaliti. Anayeona hatua mbili au tatu za mwanzo asisubiri kuona ya mwisho.

Maombi na hospitali

Makanisa karibu yote huwaombea wagonjwa. Waraka wa Yakobo sura ya 5 unawaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Lakini Biblia hiyohiyo inamtaja Luka kuwa tabibu, na Paulo anamshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Huo ni ushauri wa dawa uliotoka kwa mtu wa imani kwenda kwa mtu wa imani.

Historia yetu inasema hivyo pia. Hospitali nyingi tunazozitegemea zilianzishwa na makanisa: KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Kijabe na Tenwek za Kenya, na mamia ya zahanati ndogo vijijini. Walioanzisha hawakuona kwamba sindano inamfukuza Roho Mtakatifu.

Wengi wanakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mzee Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Bei ilikuwa shilingi 500 tu, kwa hiyo wengi waliona hakuna hasara. Foleni za magari zilifika kilomita nyingi, na watu walitoka hata nchi jirani. Hasara ilikuwa mahali pengine. Wapo waliotolewa hospitalini wakiwa mahututi, wakafia njiani au kwenye foleni. Na wataalamu wa afya walilazimika kuonya kwamba baadhi ya wagonjwa waliacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona.

Ushauri wetu katika jambo hili ni mfupi. Omba, ombewa, na endelea na dawa. Kama umeombewa na unaamini umepona UKIMWI, kifua kikuu, kisukari, kifafa au shinikizo la damu, rudi ukapimwe, na daktari ndiye akuambie kama uache dawa. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Yesu mwenyewe aliwaambia wakoma aliowaponya waende kujionyesha kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kuwakagua.

Upo mfano mwingine wa uchungaji mbele ya ugonjwa. Mwaka 1992, kasisi wa Kianglikana wa Uganda, Gideon Byamugisha, alisema hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Anahesabiwa kuwa kiongozi wa kwanza wa dini barani Afrika kufanya hivyo. Wakati huo waumini wengi walikuwa wakifichwa ndani hadi kufa, na wahubiri wengine wakiwaita wenye dhambi waliopata malipo yao. Byamugisha aliendelea kuhudumu, akatumia dawa zilipopatikana, na akasaidia kuunda mtandao wa viongozi wa dini wanaoishi na virusi. Hakumwahidi mtu muujiza. Aliwaondolea watu aibu ya kwenda kupima.

Sadaka na fedha

Kanisa linahitaji fedha, na si dhambi mchungaji kulishwa na kazi yake. Paulo anaeleza hivyo katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 9, ingawa yeye mwenyewe mara nyingi alishona mahema ili asiwalemee watu. Bati, mafuta ya jenereta, karo ya yatima, nauli ya kumtembelea mgonjwa, vyote vinatoka kwenye sadaka.

Jambo la kuangalia ni namna fedha inavyoombwa na namna inavyotunzwa. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme sura ya 5, Naamani aliponywa ukoma, akataka kumlipa Elisha. Elisha akakataa kata kata. Mtumishi wake Gehazi akamfuata Naamani kwa siri, akachukua fedha na mavazi, na ukoma ukamwangukia yeye. Hadithi hiyo ni ya zamani sana, lakini inawahusu wanaouza maji, chumvi, vitambaa na mafuta ya upako.

Paulo naye, katika Wakorintho wa Pili sura ya 8, anaeleza kwamba mchango mkubwa ulisafirishwa na watu kadhaa walioaminiwa na makanisa ili asiwepo wa kulaumu. Huo ndio mwanzo wa uhasibu wa kanisa. Kwa hiyo muumini anayeuliza hesabu hafanyi uasi. Uliza: sadaka inahesabiwa na watu wangapi? Inasomwa mbele ya washarika? Namba ya simu inayopokea fedha imesajiliwa kwa jina la kanisa au la mtu mmoja?

Kuna pia hatari ya umati. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika mkanyagano kwenye mkutano wa maombi, walipokuwa wakisukumana kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Walikuwa watu wa kawaida waliokwenda kutafuta baraka. Ukienda kwenye mkutano mkubwa, angalia milango ya kutokea iko wapi, usimpeleke mtoto katikati ya msukumano, na ukiona watu wanaanza kukimbilia kitu, jitoe pembeni.

Mahubiri yanayokuja kwa simu

Simu imewaletea wengi faida. Mzee asiyeweza kutembea anasikiliza ibada akiwa kitandani. Biblia nzima, ikiwemo ile ya Union Version ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tulikua nayo, inakaa mfukoni. Lakini simu ina mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza, video fupi hukatwa. Mahubiri ya saa nzima yanaweza kupunguzwa kuwa nusu dakika, na maana ikageuka. Kabla ya kumtumia jirani, tafuta mahubiri kamili.

La pili, matapeli hufungua kurasa kwa majina na picha za wahubiri wanaojulikana, kisha huomba sadaka au fedha ya kufunguliwa baraka. Ukiombwa fedha na mhubiri usiyemjua ana kwa ana, usitume. Ukiombwa namba ya siri, huyo ni mwizi, hata kama ameanza kwa sala.

La tatu, mhubiri wa kwenye simu hatakuja kukuzika. Hatajua kwamba mvua haikunyesha kwenu, wala kwamba mwanao ameacha shule. Anaweza kukufundisha vizuri, lakini kuchunga kunahitaji mtu anayekujua kwa jina.

Kuishi imani: mfano wa Uamsho na jumuiya ndogo ndogo

Mahubiri hupimwa na maisha ya siku sita zinazofuata. Afrika Mashariki ina mfano wake wenyewe. Mwaka 1929, mjini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Katika miaka ya 1930, kutoka Gahini, ulienea Uamsho ambao ulifika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wimbo wake, Tukutendereza, bado unaimbwa.

Watu wa Uamsho walijulikana kwa matendo ya kawaida. Walirudisha jembe lililoibwa, walilipa madeni ya zamani, walikiri makosa mbele ya wenzao, waume waliomba radhi kwa wake zao. Katika Kenya ya vita vya Mau Mau, miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo na pia walikataa kushika silaha za serikali ya kikoloni. Baadhi waliuawa kwa msimamo huo. Na ndani ya ushirika wao, mchungaji hakuwa juu ya kukosolewa. Mkulima asiyejua kusoma angeweza kumwambia kasisi kwamba hatembei nuruni. Uamsho haukukosa kasoro. Mahali pengine kukiri hadharani kuligeuka kuwa shinikizo, na waliosema machache walihukumiwa kuwa hawajaokoka. Lakini kanuni ya kwamba kila mtu anaweza kusahihishwa iliwalinda wengi.

Wakatoliki nao, kupitia maaskofu wa AMECEA, chombo cha mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, waliamua katika miaka ya 1970 kujenga jumuiya ndogo ndogo. Familia jirani hukutana nyumbani kwa zamu, husoma Injili, hujadili, huchangia mgonjwa, hupatanisha waliogombana. Makanisa mengine yana vikundi kama hivyo vya mitaa au nyumba kwa nyumba. Faida moja haisemwi sana: katika jumuiya ya namna hii mtu hapotei kimyakimya. Familia isipoonekana wiki mbili, kuna atakayebisha hodi.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, na Katiba ya Kenya, ibara ya 32, zinalinda uhuru wa kuamini na kuabudu. Katika nchi zote mbili makanisa husajiliwa na serikali chini ya sheria za jumuiya au vyama. Lakini uhuru wa kuabudu haumpi mtu ruhusa ya kumnyima mtoto chakula, shule au matibabu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 zinamlinda mtoto hata dhidi ya mzazi wake.

Nchi zimechukua njia tofauti. Mwaka 2018 Rwanda ilifunga mamia ya nyumba za ibada na kupitisha sheria inayowataka viongozi wa kidini wawe na shahada ya masomo ya dini. Kenya, baada ya Shakahola, iliunda jopo lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, nalo likakabidhi ripoti mwaka 2024. Viongozi wengi wa dini wanaogopa kwamba sheria kali zitampa mwanasiasa fimbo ya kuwapiga wahubiri wanaomkosoa, na hofu hiyo ina msingi. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin wakilalamikia mauaji. Ndiyo maana ulinzi wa kwanza unabaki kwa waumini wenyewe na majirani zao, kabla ya ofisi ya msajili.

Maswali ya kujiuliza

Matendo ya Mitume sura ya 17 inawasifu watu wa Beroya kwa sababu walimsikiliza Paulo, kisha wakayachunguza Maandiko wenyewe kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Kama mtume alichunguzwa, hakuna mhubiri wa leo aliye juu ya kuchunguzwa. Unaweza kuanza na maswali haya:

1. Anasoma kifungu chote, au mstari mmoja tu kila mara?
2. Anakubali kuulizwa maswali, au anayeuliza hutishiwa laana?
3. Nani anamsimamia, na nani anaweza kumsimamisha?
4. Fedha zinahesabiwa na kutangazwa wazi?
5. Anakuruhusu kwenda hospitali, kumeza dawa na kusomesha watoto?
6. Anakukaribisha kuishi vizuri na ndugu wasioamini kama wewe, au anakutenga nao?
7. Ametabiri tarehe ya mwisho wa dunia?
8. Majirani zake wanamsemaje, na nyumbani kwake kukoje?

Jibu moja baya linaweza kuwa kasoro ya kibinadamu. Mabaya matatu au manne kwa pamoja ni sababu ya kuondoka.

Ukiona hatari, fanya nini?

Kama ndugu yako ameanza kuuza mali, kuwatoa watoto shule au kukataa chakula na dawa kwa sababu ya mafundisho, usianze kwa kumdhihaki. Anayedhihakiwa husogea karibu zaidi na yule anayempotosha. Mtembelee, kula naye kama atakubali, endelea kumpigia simu, mwulize maswali taratibu. Mwite mzee au mchungaji anayemheshimu.

Lakini mtoto akiwa hatarini, usisubiri mazungumzo. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, chifu au ofisa wa ustawi wa jamii, na nenda polisi. Namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia. Huhitaji kuwa na uhakika wote ndipo upige, na huhitaji kuwa muumini wa kanisa hilo. Shakahola ilikuwa na majirani na ndugu waliokuwa na wasiwasi muda mrefu kabla ya kaburi la kwanza kufukuliwa.

Na kama kwenu mna katekista, mwinjilisti au mchungaji anayetembea kwa miguu kwenda kumwona mgonjwa, anayesoma hesabu za sadaka bila kuulizwa na anayekubali kusahihishwa, mjulisheni kwamba mnaiona kazi yake. Mpeni nauli, mpunguzieni mzigo, mwombeeni. Wachungaji wa namna hiyo ni wengi kuliko wanaotajwa kwenye habari.